Palizi ya Bati

Kabla hajapewa bati, Akida Mbaruku alikuwa mtu wa kuogopwa kwa kiasi tu. Alikuwa na tarabushi nyekundu, fimbo ya mtobwe, kiboko kilichoning'inia ukutani na askari wa kukitumia. Lakini nyumba yake ilikuwa ya nyasi, na pale Kang'ata hata mwizi wa kuku alikuwa na nyumba ya nyasi. Jambo hilo lilimkereketa. Mtu awatetemeshe watu mchana kutwa, kisha jua likizama yeye na wao wakalale chini ya nyasi za aina moja, panya wa aina moja wakiwapita juu?

Serikali ya Wadachi ilipotaka watu wa kujenga tuta la reli kutoka Korogwe kwenda Mombo, Mbaruku alipeleka watu kuliko akida yeyote wa upande wa Handeni. Alipeleka wenye nguvu, akapeleka na wenye kukohoa, akapeleka hata bwana arusi mmoja ambaye mafuta ya mbarika yalikuwa hayajamkauka kichwani. Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa boma la Handeni, alipendezwa sana, akamtunukia mabati ya kuezekea nyumba nzima.

Mabati yalitoka Korogwe juu ya vichwa vya wapagazi. Upepo ulipovuma, bati lilimgeuza mpagazi likamwelekeza lilikotaka lenyewe. Waliofika walifika na mabega yaliyochanjika kama ya watu waliotoka kwa mganga. Akida aliyakagua mabati moja moja, akakuta hayana jeraha, akamshukuru Mungu.

Tangu hapo hakuna mgeni aliyekaribishwa ndani kabla ya kusimamishwa uani na kuonyeshwa paa. Bati lile lilikuwa na maua, yaani mabaka yenye ncha, mengine meupe na mengine ya kijivu, yaliyobadilishana mng'ao mtu alipoinamisha kichwa. "Unayaona maua?" Akida aliuliza. Mgeni alijibu kwamba anayaona. "Hebu inamisha kichwa tena." Mgeni aliinamisha tena. Watu walisema kuwa Kang'ata nzima ilikuwa inaumwa shingo.

Basi mambo yalikuwa mazuri, ila kulikuwa na habari ya pamba. Kila kijiji kilikuwa na shamba la pamba la serikali, watu wakalima bila kupenda, na kazi ya akida ilikuwa kuona kwamba shamba halina majani. Bwana Shauri aliweza kusamehe mambo mengi. Njaa aliisamehe, na ndui aliisamehe, maana hakuugua yeye. Lakini majani hakuyasamehe. Mwezi uliopita alikuta majani katika shamba la akida mmoja wa njia ya Kabuku. Akamlaza yule akida juu ya pipa mbele ya watu wake, akachapwa viboko hamsa ishirini, akavuliwa uakida papo hapo. Mbaruku alikuwapo, na ndiye aliyemshikia mwenzake tarabushi wakati anachapwa. Aliishika kwa mikono miwili, kwa heshima, na tangu siku hiyo kila alipovaa ya kwake alihisi kama imeazimwa.

Sasa Bwana Shauri alikuwa ametuma neno kwamba mwezi ukiandama atafika Kang'ata. Mbaruku alilipaliliza shamba la pamba mpaka likawa kama uwanja wa kupigia ngoma. Mtu mmoja aitwaye Mdoe alikata majani juu juu akaacha mizizi, akachapwa mpaka akalala kifudifudi siku kadhaa. "Majani yana mizizi," Akida aliwatangazia watu. "Anayeacha mizizi hakupalilia, amenyoa." Alilipenda neno hilo, akalirudia kila siku.

Shamba lilipokwisha, akaona kilichobaki ni baraza. Bwana Shauri angekaa wapi? Ikafaa baraza nayo iezekwe bati. Akachukua kipande cha bati kilichobaki fundi alipokata pembe za paa, ili watu wa reli wasije wakampa bati la aina nyingine lisilo na maua, akafunga safari kwenda Korogwe.

*

Katika karakana ya reli pale Korogwe kulikuwa na Mdachi mmoja mrefu, mwembamba, ambaye kazi yake haikueleweka. Wenzake walijenga madaraja na kupima njia. Yeye alizunguka akiokota misumari iliyoharibika. Watu walimwita Bwana Kutu. Alikuwa ametumwa kutazama jinsi chuma kinavyooza katika nchi hii, na alipoona kitu kilichooza vizuri uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyekutana na ndugu. Ngozi ya bati aliijua tabaka kwa tabaka, na aliweza kuizungumzia tangu asubuhi mpaka chakula. Ngozi za watu waliochapwa nyuma ya karakana hiyo hiyo hakuwahi kuuliza habari zake.

Msaidizi wake alikuwa Fransisko, mtu mzima wa Kwashemshi aliyesoma misheni, mwenye viatu ambavyo alivivua alipotembea na kuvivaa aliposimama.

"Shikamoo, mzee Akida," alisema Fransisko.

"Marahaba. Mwambie bwana wako nataka bati la maua, kama hili."

Bwana Kutu aliposikia kwamba kipande kile kimekaa mwaka mzima juani na mvuani huko Handeni, hakusikia tena neno la baraza. Alikinyakua. Akakata ukingo wake, akaugandisha katika lami, akaanza kuusugua kwa unga laini, polepole, huku akipuliza. Siku ya pili alikuwa bado anasugua. Kisha akaudondoshea tone la dawa kali, akausuuza, akauweka chini ya hadubini.

"Njoo," alimwambia Akida kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Tazama mali yako."

Mbaruku akavua tarabushi, akainama. Aliona nywele nyeusi, nene, zinazopepesa.

"Ninaona mnyama," alisema.

"Hizo ni kope zako, mzee," alisema Fransisko. "Kila mtu huanza na kope zake. Jumbe mmoja alizisalimia."

"Mimi sikuzisalimia."

"Ndiyo nasema wewe umeendelea. Fungua jicho, usilikaribishe sana."

Akatazama tena, na safari hii akaona. Chini kabisa kulikuwa na nchi pana, tupu, ya rangi moja. Juu ya nchi hiyo kulikuwa na kitu kama ua wa miti, fito zimesimama zimebanana pasipo nafasi ya kupita sungura. Na juu ya ule ua, Mungu ni shahidi, kulikuwa na majani. Majani marefu, membamba, yenye ncha, mengine yamesimama wima, mengine yameinama kama yaliyopitiwa na upepo, yanaingia ndani ya weupe uliotanda juu kama ukungu wa asubuhi.

Mbaruku akaivaa tena tarabushi yake.

"Umeona?" Bwana Kutu alikuwa amefurahi. "Kule chini ni chuma. Juu kabisa ni zinki, ile nyeupe. Bati huchovywa katika zinki iliyoyeyuka, ya moto sana. Hapo chuma na zinki vinaoana. Katikati wanazaliwa watoto. Si chuma, si zinki. Wagumu, lakini wanavunjika upesi kama ganda la yai. Wale wa chini wamesimama kama boriti. Wale wa juu wanaota kama majani."

"Wanaota," alisema Mbaruku.

"Wanaota kutoka kwenye chuma. Ndio wanaoshika koti jeupe lisianguke, kutu isiingie. Ni kazi nzuri sana. Majani yako ni marefu kuliko niliyoyaona Tanga."

"Marefu kuliko ya Tanga," alisema Mbaruku, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bwana anasema yana mizizi ndani ya chuma," aliongeza Fransisko, ambaye hakupenda mazungumzo yapite bila yeye. "Hayo hayang'oki kwa mkono."

"Nitakuja Kang'ata pamoja na Bwana Shauri," alisema Bwana Kutu. "Nitamwonyesha paa lako. Atastaajabu."

Akida aliaga. Habari ya bati la baraza hakuikumbuka mpaka alipokwisha kuvuka mto.

*

Njia nzima alitembea akiwaza. Koti, ndoa, watoto, maganda ya mayai, yote hayo yaliingia sikio moja yakatokea la pili. Mtu aliyeshinda miaka akitafuta majani hawezi kuonyeshwa majani akabaki anasikiliza hadithi za arusi. Aliyaona kwa jicho lake mwenyewe. Mzungu ameyaona. Mzungu anakuja na Bwana Shauri kumwonyesha. Na ni marefu kuliko ya Tanga.

Alipofika uani kwake hakuingia ndani. Alisimama akatazama juu, na alichokiona kilimkata maini. Yale maua aliyowaonyesha wageni mwaka mzima sasa aliyaelewa. Majani yalikuwa yamekomaa mpaka yametoa maua. Jambo la hatari kuliko yote katika shamba ni hilo, maana baada ya maua ni mbegu.

Mkewe, Mwantumu, alitoka jikoni, kibanda cha nyasi kilichosimama nyuma ya nyumba. "Umerudi bila mabati?"

"Mwantumu, hili paa lina majani."

Mwantumu akatazama juu. "Nyumba iliyokuwa na majani ni ile ya zamani, mume wangu. Hili ni bati."

"Ni madogo. Hayaonekani kwa jicho tupu."

"Kama hayaonekani yanakusumbua nini?"

"Wadachi wanayaona. Wana kioo."

Mwantumu akampokea fimbo. Alikuwa ameolewa na mtu huyu tangu hana hata fimbo, na alijua kwamba hofu ikimwingia mumewe hutoka na amri. "Umekula?" aliuliza.

"Tarishi," aliita Akida. "Kesho wanawake wote wa shamba la pamba wasiende shambani. Waje hapa."

*

Walikuja na majembe. Mbele yao alikuwa Chausiku, mke wa yule Mdoe aliyechapwa, mwanamke wa maneno machache asubuhi na mengi mchana. Akida alisimama juu ya kiti akawaeleza. Alieleza vizuri, maana alikuwa na kipawa cha kueleza kazi za watu wengine. Alisema bati limeota majani madogo yasiyoonekana, yameonekana Korogwe kwa kioo cha Mzungu, na lazima yapaliliwe kabla Bwana Shauri hajafika.

Wanawake walitazamana. Hakuna aliyecheka. Kule nyuma mmoja aliinama kufunga kanga yake vizuri, akakaa muda mrefu ameinama.

"Akida," alisema Chausiku, "tupalilie kwa jembe?"

"Jembe litatoboa. Sugueni. Mnasugua sufuria, hamjui kusugua bati?"

"Sufuria tunasugua kwa mchanga na ukwaju."

"Basi mchanga na ukwaju."

"Na majani ya msasa?"

"Na msasa."

"Tupande juu ya paa?"

Akida alifikiri. Wanawake wasimame juu ya kichwa cha akida, watu waone? "Mabati yashushwe," alisema. "Yalazwe uani."

"Tusugue upande wa juu tu, au na wa chini?"

"Majani yameota pande zote."

Chausiku aliitikia kwa kichwa kama mtu anayejifunza. "Naomba niulize jambo la mwisho, Akida, usije ukasema hatukuuliza. Tuondoe majani yanayoonekana..."

"Hayaonekani."

"Tuondoe hayo yasiyoonekana, au tuondoe na mizizi?"

Mbaruku alimtazama sana. Aliona uso mtulivu wa mwanamke anayetaka kufanya kazi vizuri. "Mizizi," alisema. "Nimewaambia mara ngapi? Anayeacha mizizi hakupalilia."

"Amenyoa," walimalizia wanawake kwa pamoja.

Kazi ikaanza. Mabati yalishushwa, yakalazwa, yakamwagiwa maji ya ukwaju yaliyokuwa makali kiasi cha kukunja uso wa anayeyanusa, yakapakwa mchanga wa mtoni wenye chumvichumvi, na wanawake wakapiga magoti kando yake. Walisugua kwa msasa, walisugua kwa magunzi ya mahindi, walisugua kwa vigae vya vyungu. Maji yaliyotiririka yalikuwa ya kijivu, kama maji ya kunawia majivu.

"Tazameni," alisema Akida akiyaonyesha kwa fimbo. "Uchafu wote huo mlikuwa mnauona ni maua."

"Sisi hatukuwa na wakati wa kutazama, bwana," alisema Chausiku. "Mume wangu ndiye aliyelala kifudifudi hapa uani kwako akalitazama paa, na hata yeye aliliona kwa upande mmoja tu wa jicho."

Akida aligeuka. Alijifanya anahesabu mabati.

Maua yalipokwisha, mwanamke mmoja alitaka kuacha. "Mbona tayari limekuwa jeupe, dada Chausiku."

"Hapo umetoa majani. Mizizi je? Unataka mume wako naye alazwe kifudifudi? Sugua, mama. Sisi ni watu wa amri."

Wakasugua. Mchana kutwa, na kesho yake, na keshokutwa yake. Palizi ya pamba waliifanya kwa mikono iliyokufa, lakini hii waliifanya kwa moyo, wakaiimbia na nyimbo za Kizigua ambazo Akida, mtu wa Pangani, alizifuata kwa kupiga mguu, kwa kuwa hakuyaelewa maneno yake. Askari wake alikuwa Mzigua. Aliondoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba ili acheke kwa nafasi.

Mabati yalirudishwa juu yakiwa na mng'ao mkavu, wa rangi moja, kama kisu kilichonolewa. Hakuna ua, hakuna baka. Akida alizunguka nyumba yake, mikono nyuma, akaona kuwa ni kazi ya kutosha kumpandisha cheo. Kwa nini akida mwenye bidii ya namna hii asipewe na upande wa Kabuku?

*

Usiku wa tatu ilinyesha mvua ndogo ya vuli, na asubuhi paa lilikuwa limebadilika rangi. Lilikuwa limepata wekundu mwepesi, kama shavu la Mzungu aliyetoka juani. Siku ya pili wekundu ukawa wa udongo. Mwantumu ndiye aliyesema.

"Mume wangu, bati linashika kutu."

"Si kutu."

"Nimegusa. Limeniachia rangi mkononi."

"Mwantumu, wewe umezaliwa wapi hata usijue palizi? Ukiyang'oa majani ukayaacha shambani siku mbili, yanakuwa rangi gani?"

"Yanakauka."

"Yanakuwa mekundumekundu. Hayo ni majani yaliyokauka. Mvua ikizidi yatachukuliwa na maji."

Mwantumu alitazama mkono wake, akatazama mume wake, akarudi jikoni.

Bwana Shauri akafika. Alifika juu ya nyumbu mwenye tandiko, amevaa nguo nyeupe, na nyuma yake Bwana Kutu kwa miguu, na nyuma ya Bwana Kutu, Fransisko akikalia jiwe ili avae viatu. Watu wa Kang'ata walikuwa wamejipanga pande mbili. Bwana Shauri alipita shamba la pamba kwanza, hakuona jani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Moyo wa Mbaruku ukapanda. Kisha wakaja nyumbani.

Bwana Kutu alitangulia, anataka kuonyesha. Alifika uani, akainua mkono kuelekea paa, na mkono ukabaki hapo hapo hewani.

Maji ya mvua ya alfajiri yalikuwa bado yanadondoka ukingoni, na kila tone lilipoanguka liliacha chini alama ya rangi ya matofali. Tone moja lilimwangukia Bwana Shauri begani, juu ya ule weupe. Akalitazama.

"Bwana Mkubwa," alisema Mbaruku, akasimama kiaskari, "paa limepaliliwa."

"Limefanywa nini?" aliuliza Bwana Shauri.

"Limepaliliwa, bwana. Majani yote yale ambayo bwana huyu alinionyesha kwa kioo. Nimeyang'oa pamoja na mizizi. Hata moja halikubaki."

Bwana Kutu alikwisha kupanda juu ya kiti cha Akida. Alitoa kioo kidogo mfukoni akakisogeza karibu na bati, pua yake ikawa karibu kuligusa. Alikwaruza kwa kucha. Alisogea, akakwaruza pengine. Aliposhuka uso wake ulikuwa na huzuni ya mtu aliyekuta msikiti umevunjwa, na chini ya huzuni hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho hakijajitokeza.

"Koti jeupe hakuna," alisema. "Majani hakuna. Ule ua wa boriti umebaki vipande vipande, hapa upo, hapa haupo. Chuma kiko uchi. Na pande zote mbili. Nani amesugua pande zote mbili?" Aliuliza kwa heshima, kama mtu anayetaka kumjua bingwa.

"Bwana mwenyewe ulisema ni majani," alisema Mbaruku.

"Nilisema kama majani. Nilisema ndiyo yanayolinda."

"Akida hakulisikia hilo la mwisho," alisema Fransisko. "Mimi nililisikia, ila sikuulizwa."

Wadachi wakazungumza kwa lugha yao. Bwana Kutu alieleza, akionyesha kwa vidole jinsi majani yanavyosimama. Bwana Shauri alisikiliza, uso wake hauonyeshi kitu. Halafu akacheka. Watu wa Kang'ata hawakuwahi kuyaona meno yake, wakashangaa kwamba yalikuwa madogo. Alicheka mpaka akashika nyumbu. Alipokwisha kucheka aliacha ghafla, akamgeukia Akida, na kila mtu akajua kwamba sasa ndipo penyewe.

"Bati hili ni la nani?"

"La serikali, bwana."

"Nani ameliharibu?"

Mbaruku akaangaza huku na huku. Tarabushi ilikuwa nzito kichwani. "Wanawake hawa wamezidisha, bwana. Niliwaambia wasugue kidogo."

Watu wote wakamtazama Chausiku. Chausiku alipiga goti, kama ilivyotakiwa.

"Bwana Mkubwa, sisi tuliuliza. Tuliuliza kama ni upande mmoja au pande zote. Tuliuliza kama ni majani au ni mizizi. Akida akatujibu. Kama kuna mzizi umebaki, atuonyeshe, tuutoe sasa hivi. Mchanga upo."

Askari Mzigua alikohoa kwa muda mrefu.

Bwana Shauri alinyosha mkono kuelekea kiboko kilichoning'inia ukutani, akiwa hajaamua bado kitamwangukia nani. Hapo ndipo Bwana Kutu alipoingia kati, na kile kilichokuwa chini ya huzuni yake kikajitokeza. Ilikuwa furaha. Alisema kwa Kidachi, kisha, kwa kuwa alipenda watu waelewe, akasema na kwa Kiswahili. Alisema kwamba miaka miwili ametafuta paa zima la bati lililovuliwa koti, ili aone mvua za Handeni zinakila chuma kwa mwendo gani. Hakuna mtu Afrika nzima aliyekuwa mjinga wa kumtengenezea. Sasa limepatikana. Aliomba lisiguswe. Lisishushwe, lisipakwe rangi, lisipakwe lami, lisiezekwe nyasi juu yake. Na mwenye nyumba asihame, ili watu wasiibe mabati. Yeye atakuwa anakuja kukata vipande na kuvitazama.

Bwana Shauri alifikiri. Kumfukuza akida huyu ni kutafuta mwingine, na mwingine huenda asimwogope namna hii.

"Wewe utabaki akida," alisema. "Na utakaa hapa. Bati la serikali haliondolewi. Nikisikia umelala nje ya nyumba ya serikali, pipa lipo."

Mbaruku akamshukuru. Alimshukuru mara nyingi, akainama mpaka tarabushi ikaanguka, akaiokota, akaivaa. Alikuwa amenusurika. Uakida anao, nyumba ya bati anayo. Jioni ile alimwambia mkewe kwamba hajapata kuona Mdachi akimtetea mtu mweusi kama Bwana Kutu alivyomtetea yeye.

*

Masika yalipokuja, kutu ilikuwa imemaliza kazi katika sehemu nyingi. Mwanzo paa lilivuja juu ya kitanda, Akida akahamisha kitanda. Likavuja kilipohamia kitanda. Mwantumu alivumilia mvua chache, kisha akajitwika godoro akahamia jikoni, kwenye kibanda cha nyasi, ambamo moto uliwaka na sakafu ilikuwa kavu.

"Njoo huku," alimwita mlangoni.

"Siwezi. Kuna watu watamwambia Bwana Shauri."

"Nani atatoka nje katika mvua hii kukuchungulia?"

"Fransisko anaweza kupita."

Akabaki. Alikaa katikati ya sebule juu ya kiti, amevaa joho, amefungua mwavuli ndani ya nyumba, na maji mekundu yakamzunguka miguuni. Bwana Kutu alikuja mara mbili. Alikata vipande kwenye paa, akaacha matundu mapya mahali alipokata, akamsifu kwa uvumilivu, akaondoka.

Lakini shughuli ya akida si kukaa tu. Akida ni mashauri. Aliyeibiwa, aliyetukanwa, aliyekimbiwa na mke, wote walikuja kwake kwa kuku au kwa mbuzi, naye akaamua. Mwaka ule walikuja, wakaingia ndani, wakasimama wakinyeshewa wakati shauri linasikilizwa.

"Akida, hatuwezi kusikilizana hapa," walisema. "Twende jikoni kwa mama, kuna moto."

"Shauri husikilizwa chini ya bati la serikali."

Walisimama, wakalowa, wakahukumiwa, wakaenda nyumbani wakapata homa. Wa pili walipokuja walifupisha shauri lao. Wa tatu hawakuleta kuku, wakisema amekufa maji njiani.

Asubuhi moja, mvua ikipiga, Akida alisikia sauti nje ya mlango. Alizitambua. Moja ilikuwa ya Semboja, mtu mwenye mihogo, nyingine ya Chausiku, mwenye mbuzi aliyeila mihogo hiyo. Mbuzi mwenyewe alikuwa pamoja nao, analia. Mbaruku akaweka tarabushi sawa, akajikohoza, akapanga mguu mmoja juu ya mwingine kama apasavyo mwamuzi. Ni shauri kubwa. Mbuzi yule huenda akabaki hapa.

Nje, Semboja alisema, "Ingia wewe kwanza, mlalamikiwa."

"Wewe ndiye mlalamikaji. Tangulia ulowe."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya maji yakidondoka juu ya mwavuli, juu ya sufuria, juu ya sanduku, kila mahali kwa sauti yake.

"Mihogo yenyewe ilikuwa na ugonjwa," alisema Semboja.

"Na mbuzi mwenyewe ana mimba. Akizaa, mtoto mmoja ni wako."

"Jike au dume?"

"Nikimzaa mimi nitakuambia kabla. Huyu sijui."

Semboja akacheka. Akida alisikia miguu yao ikichapa matope kwenda zake, wakizungumza habari za mbegu, na sauti ya mbuzi ikififia kuelekea bondeni. Alingoja kidogo, huenda wakabadili nia. Kisha akauhamishia mwavuli mkono wa pili.